Kumlea Mtoto Mdogo kwa Lishe ya Kivegani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nina watoto wawili wanaokula vyakula vya mimea pekee. Wa kwanza ana miaka sita, wa pili anakaribia miwili. Baadhi ya maswali haya nimeulizwa na wazazi wenzangu, mengine na mashangazi wenye wasiwasi, na machache nilijiuliza mwenyewe saa nane za usiku mtoto akiwa begani. Mimi ni mzazi, si daktari. Viwango nitakavyotaja ni vya Marekani, isipokuwa pale nitakapotaja nchi nyingine. Wa kuvirekebisha kulingana na hali ya mwanao ni mtaalamu wa lishe anayemwona kwa macho yake.

Kwani uvegani ni sawa na kutokula nyama?

Hapana. Asiyekula nyama huenda bado anakunywa maziwa na kula mayai. Mvegani haachi nyama na samaki tu, anaacha pia maziwa, mayai, jibini na asali. Neno lenyewe lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake, kwa sababu waliona neno la zamani haliwatoshi. Kwa mtu mzima tofauti hiyo huenda isionekane kubwa. Kwa mtoto wa mwaka mmoja ni kubwa sana, maana maziwa na mayai ndiyo yanayofunika mapengo mengi kwa watoto wasiokula nyama. Ukiviondoa, mapengo hayo unayaziba wewe.

Je, ni salama kweli, au tunawafanyia watoto majaribio?

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 2016 chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani kilitamka kwamba lishe ya kivegani iliyopangwa vizuri inafaa kila rika, wachanga wakiwemo. Mwaka huohuo jumuiya ya lishe ya Ujerumani ikasema haiipendekezi kwa watoto, wajawazito na wanaonyonyesha. Mwaka 2024 ikalegeza msimamo: kwa makundi hayo, haiipendekezi wala haiikatazi. Ubelgiji nako, akademia ya kifalme ya tiba ilisema mwaka 2019 kwamba lishe hii haifai watoto. Na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 apewe nyama, samaki au yai kila siku.

Nimesoma kauli hizo zote, na ninavyoona mimi, ushahidi wanaoutazama ni uleule. Wanapoachana ni kwenye swali moja: je, mzazi wa kawaida ataaminika kutoa vitamini kila siku, mwaka baada ya mwaka, hata wiki ile ambayo nyumba nzima ina mafua? Wanaosema ndiyo wanaruhusu. Wanaosema hapana wanakataza. Basi kabla hujauliza kama lishe inafaa, jiulize wewe ni mzazi wa aina gani. Kama hata dawa ya siku tano humalizi, jiambie ukweli.

Kuna utafiti mmoja wa Poland uliochapishwa mwaka 2021 ambao ninautaja kwa wote, wanaoupenda uvegani na wanaouchukia. Ulichunguza watoto 187 wa miaka 5 hadi 10, na 52 kati yao walikuwa vegani. Hao vegani walikuwa na kolesteroli mbaya ya chini zaidi, jambo jema kwa moyo. Lakini pia walikuwa wafupi kwa wastani wa takriban sentimita 3, mifupa yao ilikuwa na madini kidogo, na upungufu wa vitamini B12 ulionekana zaidi kwa wale ambao hawakupewa nyongeza. Anayekusomea nusu ya kwanza tu anakuuzia kitu. Anayekusomea nusu ya pili tu naye vilevile.

Nikiwa na nguvu ya kusimamia jambo moja tu, liwe lipi?

Vitamini B12. Hapa sina mzaha.

B12 hutengenezwa na bakteria. Mimea haiitengenezi wala haiihitaji, kwa hiyo hakuna tunda, jani wala mbegu inayoweza kukupa ya kutegemewa. Watu watakutajia mwani, spirulina (ule unga wa kijani unaouzwa kama kirutubisho), vyakula vilivyochachushwa, hata mboga zisizooshwa vizuri. Spirulina na aina nyingi za mwani zina kitu kinachofanana na B12 kwenye vipimo vya maabara, lakini mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Usimlishe mwanao matumaini.

Upungufu kwa mtu mzima huja polepole, kwa kuwa ini lake lina akiba ya miaka. Mtoto mchanga hana akiba hiyo. Mara nyingi dalili hujitokeza kati ya mwezi wa nne na wa kumi na mbili: mtoto aliyekuwa anacheka anapoa, aliyekuwa ameanza kukaa anaacha kukaa, shingo inalegea, anakataa kula, wakati mwingine mikono inatetemeka. Hicho kinachoumia ni ubongo na mishipa ya fahamu. Akitibiwa mapema hupona vizuri. Akichelewa, kuna madhara yasiyorudi nyuma.

Kuna mtego mwingine. Vyakula vya mimea vina foleti nyingi, ambayo ni aina nyingine ya vitamini B, na foleti inaweza kuficha upungufu wa damu unaoletwa na ukosefu wa B12. Damu inaonekana nzuri huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Kwa hiyo kusema "tulipima damu ikawa sawa" hakutoshi, uliza kama B12 yenyewe ilipimwa.

Mahitaji ni madogo mno: maikrogramu 0.5 kwa siku kati ya miezi 7 na 12, 0.9 kati ya mwaka mmoja na mitatu, 1.2 kati ya miaka minne na minane. Ukishika chupa ya matone utashangaa kuona namba kubwa zaidi ya hizo mara nyingi. Si kosa la kiwanda. Njia ya mwili ya kufyonza B12 hujaa haraka, kwa mkupuo mmoja huchukua maikrogramu moja na nusu hadi mbili hivi, na kinachozidi hapo hupenya kidogo sana, kama asilimia 1. Ndiyo maana dozi ya mara moja kwa wiki huwa kubwa kuliko dozi saba za kila siku zikijumlishwa. Muulize daktari au mfamasia utaratibu mmoja, uushike huohuo.

Kwetu chupa ya matone inakaa kwenye kikombe cha miswaki. Iliwahi kukaa jikoni kwenye rafu ya viungo, na tulikuwa tunaisahau siku mbili tatu kila wiki. Tangu ihamie kando ya mswaki haijasahaulika, kwa sababu mtoto mwenyewe huidai: anafungua mdomo kama kifaranga kabla hata sijafungua kifuniko.

Ninanyonyesha. Maziwa yangu si yana kila kitu?

Yana kila kitu ulichonacho wewe. B12 ya mtoto hutoka kwenye ile unayokula au kumeza sasa, kwa hiyo mama vegani anayenyonyesha bila nyongeza anamweka mtoto hatarini hata kama mwenyewe anajisikia mzima kabisa. Ndivyo wengi wa wachanga waliopata madhara walivyoyapata. Mama anayenyonyesha anahitaji maikrogramu 2.8 kwa siku, mjamzito 2.6. Anza kabla ya mimba ukiweza.

La pili ni madini joto (iodini). Unaponyonyesha unahitaji takriban maikrogramu 290 kwa siku, karibu mara mbili ya mtu mzima wa kawaida, na anayeacha samaki na maziwa kwa pamoja hupungukiwa kwa urahisi. Chumvi yenye madini joto husaidia, na vidonge vingi vya wanaonyonyesha huwa nayo, ila soma lebo, maana si vyote. Kaa mbali na unga wa mwani wa kahawia: kijiko kidogo kinaweza kuwa na madini joto kupita kiasi, na tezi ya shingo ya mtoto huumizwa na kuzidi kama inavyoumizwa na kupungua.

Vitamini D ni habari tofauti. Maziwa ya mama yeyote, anayekula nyama au asiyekula, huwa na kiasi kidogo. Mtoto anayenyonya hushauriwa apewe matone yenye maikrogramu 10 kwa siku.

Na nisipoweza kunyonyesha?

Kuna maziwa ya kopo ya wachanga yaliyotengenezwa kwa protini ya soya. Marekani yanakubalika kwa familia za kivegani ikiwa mtoto alizaliwa siku zake zikiwa zimetimia. Uingereza hushauri yatumike baada ya kuongea na mhudumu wa afya. Hayamfai mtoto njiti. Na tahadhari kwa wanaoshika sheria barabara: mara nyingi vitamini D iliyomo hutokana na mafuta ya sufu ya kondoo. Mimi ningempa mtoto bila kusita. Ninachohofia ni njaa ya mtoto, si sufu.

Lakini maziwa ya kawaida ya mimea, yawe ya lozi, oti, nazi au hata soya ya dukani, siyo maziwa ya mchanga. Usimpe kama kinywaji kikuu kabla hajatimiza mwaka. Usimtengenezee "maziwa" nyumbani kwa kusaga nafaka au karanga. Kuna watoto waliolazwa hoi kwa sababu ya chupa zilizoandaliwa kwa upendo mkubwa.

Akifikisha miezi sita nianze na nini?

Anza na chuma. Desturi ya kuanza na tunda lililopondwa ina utamu wake, lakini akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto ndiyo inayoisha karibu na umri huo, na mahitaji yake kati ya mwezi wa 7 na wa 12 ni miligramu 11 kwa siku. Hicho ni kiwango kikubwa kuliko cha baba yake! Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, hivyo wataalamu huzidisha mahitaji ya wasiokula nyama kwa takriban 1.8. Kwa chakula cha kawaida peke yake ni vigumu kufikia. Ndiyo sababu uji wa watoto ulioongezwa chuma ni rafiki yako, na pengine daktari ataongeza matone.

Chakula nilichokuwa nampa zaidi ni hiki. Dengu nyekundu nilizoloweka tangu asubuhi, nazichemsha mpaka zipondeke zenyewe kwa mwiko. Naongeza kijiko cha chai cha mafuta, kisha nikishaepua nakamulia chungwa. Chungwa linaingia mwisho, moto ukiwa umezimwa, kwa sababu vitamini C haipendi moto na hiyo ndiyo inayosaidia chuma kuingia mwilini. Kama huna chungwa, nyanya mbichi iliyopondwa au pilipili hoho pembeni inafanya kazi hiyohiyo. Chai, hata ya rangi iliyopoa, isikaribie chakula cha mtoto, maana huzuia chuma.

Kuloweka nako si mapishi ya madoido. Nafaka na jamii ya kunde zina fitati, inayoshikilia chuma na zinki zisifyonzwe. Ukiloweka na kumwaga maji, ukichipuza au ukichachusha, fitati inapungua. Zinki anayohitaji mtoto hadi miaka mitatu ni miligramu 3 tu, na kwa njia hizi hufikika.

Neno moja kuhusu matone na vidonge vya chuma: viweke juu, mbali, vifungwe. Chuma kikizidi ni sumu kali kwa mtoto, na vidonge vyake hufanana na peremende.

Anakula sana, tumbo limejaa, lakini uzito hausogei. Kwa nini?

Hapa nilikosea mwenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miezi kumi na moja nilijivunia sahani yake. Brokoli, karoti, maboga, maharage, mchele usiokobolewa. Alikuwa anakula mpaka anasukuma bakuli. Siku ya kupimwa, mstari wake kwenye kadi ulikuwa umelala kwa mwezi wa pili. Muuguzi hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Mama, mafuta yako wapi?" Nikabaki namtazama.

Tumbo la mtoto ni dogo, na nyuzinyuzi zinalijaza kabla nguvu haijaingia. Piga hesabu hii: kikombe kizima cha spinachi iliyochemshwa kina kalori 40 hivi. Kijiko cha chai cha mafuta nacho kina kalori 40 hivi. Mtoto wa mwaka mmoja anahitaji takriban kalori 1,000 kwa siku. Hebu fikiria ni vikombe vingapi vya spinachi. Sahani inayomfaa mtu mzima anayetaka kupungua ndiyo hiyohiyo niliyokuwa nampa mtoto anayetakiwa kukua.

Nilichobadilisha: kijiko cha mafuta katika kila mlo, parachichi karibu kila siku, siagi ya karanga au ya ufuta iliyokorogwa ndani ya uji, tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini), na nafaka iliyokobolewa katika baadhi ya milo. Ndiyo, iliyokobolewa. Mkate mweupe kwa mtoto wa umri huo si dhambi. Kati ya mwaka mmoja na mitatu, asilimia 30 hadi 40 ya nguvu yake itoke kwenye mafuta. Milo mitatu na vitafunio viwili, maana hawezi kujaza tangi kwa mkupuo. Mboga hatukuziacha, tulizipunguza tu zikawa pembeni ya sahani badala ya kuwa sahani yenyewe. Baada ya wiki sita mstari uliinuka.

Protini je?

Ndilo swali linaloulizwa zaidi, na ndilo linalonipa hofu kidogo kuliko yote. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji gramu 13 kwa siku, wa miaka minne hadi minane gramu 19. Akipata nguvu ya kutosha na kula jamii ya kunde au soya mara mbili tatu kwa siku, atafika. Si lazima uchanganye wali na maharage kwenye mlo uleule ili protini "ikamilike", mwili hukusanya ya siku nzima. Kwenye matunda na mboga peke yake, hapo ndipo hatafika.

Bila maziwa ya ng'ombe mifupa yake itatoka wapi?

Kalsiamu haijui ng'ombe. Kuanzia mwaka mmoja, tafuta maziwa ya soya yasiyo na sukari yaliyoongezwa kalsiamu, vitamini D na B12. Nasema soya kwa sababu ya protini, kwani ya lozi na ya nazi ni karibu maji. Mengi yaliyoongezwa huwa na miligramu 120 hivi kwa kila mililita 100. Marekani husema mtoto wa miaka 1 hadi 3 afike miligramu 700 kwa siku, Uingereza 350, nawe usishangae: ni nchi mbili zinazopiga hesabu tofauti. Mimi hulenga katikati na kuendelea na maisha.

Tikisa pakiti kabla ya kumimina! Kalsiamu iliyoongezwa huzama chini. Siku moja nilipasua pakiti iliyokwisha nikakuta tope jeupe limeganda sakafuni mwake. Wiki nzima mtoto alikuwa amekunywa maji ya juu, kalsiamu ikaenda pipani.

Tofu iliyogandishwa kwa chumvi ya kalsiamu ni chanzo kizuri, vivyo hivyo majani ya jamii ya kabichi. Mchicha na spinachi zina kalsiamu kwenye karatasi, lakini okzaleti iliyomo inaishikilia. Ya spinachi hufyonzwa kama asilimia 5 tu. Vinywaji vya mchele usiviweke kama kinywaji cha kila siku, na Uingereza wanashauri mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe kabisa, kwa sababu mchele hubeba aseniki, ambayo ni sumu.

Kuna kingine cha kununua?

Vitamini D kuendelea. Kama hutaki ile ya sufu ya kondoo, kuna D2, na kuna D3 itokanayo na kuvu-mwani (ukoga unaoota juu ya mawe na magome ya miti). Mafuta ya omega-3: mpe kila siku mbegu za kitani zilizosagwa, au chia zilizolowekwa, au mafuta ya kanola. Mbegu za kitani nzima zinaingia na kutoka kama zilivyo, utaziona kwenye nepi. DHA, aina ya omega-3 inayojulikana kuwa ya samaki, hupatikana pia kwenye mafuta ya mwani mdogo, kwani hata samaki huipata hukohuko. Wengi hushauri itumike kwa wachanga, nami nilitumia.

Soya haitamharibu mwanangu wa kiume?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, kwa kawaida na baba. Soya ina isoflavoni, ambazo umbo lake linafanana na homoni ya kike, lakini nguvu yake ni dhaifu sana na hazifanyi kazi sawasawa na homoni hiyo. Ulaji wa kawaida wa tofu na maziwa ya soya haujaonyeshwa kuwafanya wavulana wawe na tabia au maumbile ya kike. Kumpa soya mara moja hadi tatu kwa siku sioni tatizo. Usimpe soya peke yake katika kila mlo, kwa sababu ileile ambayo hungempa kitu chochote kingine katika kila mlo.

Karanga apewe lini?

Karanga nzima, korosho nzima, lozi nzima: si kabla ya miaka mitano, kwa sababu ya kupaliwa. Siagi ya karanga laini, iliyokorogwa kwenye uji, inaweza kuanza miezi ya mwanzo ya kulikiza. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wachanga walio katika hatari ya mzio wa karanga waliopewa mapema walipata mzio huo kwa uchache kuliko walionyimwa. Kama mwanao ana pumu kali ya ngozi au mzio wa kitu kingine, muone daktari kwanza. Zabibu zipasue kwa urefu. Asali, hata kama ungekubali kumpa, haifai kabisa kabla ya mwaka mmoja.

Bibi yake anampa yai kwa siri. Nifanye nini?

Kwanza, usilie. Yai moja halimdhuru mtoto asiye na mzio wa mayai.

Mama mkwe wangu alimpa mjukuu wake yai la kuchemsha nikiwa bafuni. Nilijua kwa sababu alikuwa na kiini kwenye nyusi. Nilikasirika, halafu nikatafakari: huyu amelea watoto watano, na kila alipomwona mtoto mwembamba enzi zake alimpa yai. Alichokiona kwa mjukuu wake kilimtia hofu, na hofu yake haikuwa upuuzi, maana ndiyo miezi ileile mstari ulikuwa umelala.

Kilichofanya kazi ni kumpa kazi. Nilimwambia, "Mama, naomba wewe ndiye umpe matone yake tukija huku." Nikamwonyesha kadi ya uzito mstari ulipoinuka. Sasa ni yeye anayenipigia simu kuuliza kama nimempa. Yai sijui kama limeisha kabisa. Siulizi.

Chanjo na dawa zina vitu vya wanyama. Nikatae?

Usikatae. Ganda la kidonge kutengenezwa kwa jelatini ya wanyama au chanjo kukuzwa ndani ya yai hakulinganishwi na surua. Hata vyama vya vegani haviwaambii wanachama wao waache dawa walizoandikiwa. Kama kuna namna mbili zinazotibu sawa, omba ile isiyo na jelatini. Kama ni moja, mpe hiyo.

Nimwangalieje kujua kwamba yuko sawa?

Uzito na urefu, kila inapotakiwa, na uangalie mstari wake mwenyewe badala ya kumlinganisha na mtoto wa jirani. Mtoto mwembamba anayefuata mstari wake hana shida. Mtoto mnene anayeshuka ana shida. Mwambie daktari waziwazi kwamba analelewa kivegani, usifiche kwa kuogopa kuhubiriwa, kwani anayefichwa hawezi kujua apime nini. Omba kipimo cha hemoglobini na feritini (inayoonyesha akiba ya chuma), B12, na vitamini D ikiwezekana. Kwa sasa Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23 kuanzia hemoglobini chini ya gramu 105 kwa lita, na kuanzia miaka miwili hadi mitano chini ya 110.

Usingoje siku ya miadi ukiona ameacha jambo alilokuwa amejifunza, analegea, amepauka viganja na ndani ya kope, anatapika chakula siku baada ya siku, au anakula udongo. Nenda leo.

Akienda kwenye sherehe na kutaka keki ya wenzake?

Wa kwangu wa kwanza hula. Tulikubaliana nyumbani kwamba jikoni kwetu ni kivegani, na nje, akishafika umri wa kuuliza, anachagua. Familia nyingine huweka mpaka mkali zaidi na watoto wao wako salama pia. Ila sitaki mtoto wa miaka minne ajifunze kwamba chakula cha rafiki yake ni uchafu. Siku zote huwa natuma keki moja ya kwetu, na mara nyingi ndiyo inayoisha mapema kwa sababu ya chokoleti.

Kuna wakati wa kuachana na mpango huu?

Upo, nami nimejiandikia wangu. Mtoto akiwa na mzio wa soya, karanga na jamii ya kunde kwa pamoja, mapengo yanakuwa makubwa kuliko vijiko vyangu. Mtoto mteuzi wa chakula, anayekubali vitu vinne tu, na vitatu kati ya hivyo ni mkate. Mtoto njiti, au mwenye ugonjwa wa utumbo, kabla mtaalamu hajakaa nasi mezani. Na vipimo viwili mfululizo vikishuka licha ya kila kitu, nitaleta yai mezani mimi mwenyewe, mchana kweupe, na mama mkwe wangu aje kulimenya.

Hadi sasa sijafika hapo. Kipimo cha mdogo ni Jumanne.